Akili Hisia Kazini: Maana Yake na Jinsi Inavyokuzwa

Akili hisia ni uwezo wa mtu kuzitambua hisia zake na za watu wengine, kuelewa zimetokana na nini na zinaelekea wapi, kisha kuutumia ufahamu huo kuamua aseme nini, atende nini na kwa wakati gani. Wapo wanaoiita akili ya hisia au akili ya kihisia, na maana haibadiliki. Neno la kushikilia katika jina hilo ni akili. Wengi wakilisikia hukumbuka hisia peke yake, wakadhani kwamba linamhusu mtu mpole, mcheshi, asiyekwaruzana na yeyote. Upole ni tabia njema, lakini mtu mpole anaweza kukaa meza moja na mwenzake aliyeelemewa na kazi kwa miezi mitatu asing'amue lolote, na mtu mkali wa maneno anaweza kuwa ndiye wa kwanza kubaini kwamba mwenzake hayuko sawa.

Dhana hii ilipata umbo la kitaaluma mwaka 1990, pale wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, walipochapisha makala ya kuieleza. Kabla yao, mwaka 1983, mwanasaikolojia Howard Gardner alikwishadai kwamba akili ya binadamu ina aina kadhaa, na miongoni mwake akataja ile ya kujielewa na ile ya kuwaelewa wengine. Aliyeifikisha kwa wasomaji wa kawaida ni Daniel Goleman, mwanasaikolojia na mwandishi wa habari za sayansi, kwa kitabu alichokitoa mwaka 1995. Tangu hapo imeingia katika mafunzo ya mameneja na katika matangazo ya kazi, tena ikitiwa chumvi nyingi. Goleman aliandika kwamba akili inayopimwa kwa mitihani huchangia, ikienda sana, kama asilimia 20 ya mambo yanayoamua mafanikio ya mtu, na kwamba sehemu iliyobaki inatokana na mambo mengine. Wapo waliozichukua asilimia 80 hizo zote wakaikabidhi akili hisia, jambo ambalo halina msingi. Dhana hii ina manufaa ya kutosha bila kubebeshwa mzigo huo.

Mwaka 1997 Mayer na Salovey waliigawa katika uwezo wa namna nne: kuzitambua hisia, kuzitumia katika kufikiri, kuzielewa, na kuzidhibiti. Mahali pengi pa kazi huruka moja kwa moja hadi kwenye namna ya nne, watu wakaambiwa wajidhibiti kabla hawajajua wanadhibiti nini. Kwa maoni yangu kosa kubwa liko hapo, na ndiyo maana inafaa tulitazame jambo hili kwa karibu.

Tuseme mhasibu anawasilisha taarifa ya robo mwaka katika kikao cha asubuhi. Kabla hajafika ukurasa wa tatu, mkuu wake anamkatiza mbele ya watu wote: "Hii bado. Karekebishe." Uso unamwaka moto, viganja vinatoka jasho, na sentensi aliyokuwa ameianza inamkwama kooni. Anarudi mezani kwake, anafungua barua pepe na kuanza kuandika, vidole vikigonga vitufe kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Ukimuuliza ana nini, atakujibu kwamba amekasirika. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijafika mwisho. Huenda kinachomchoma ni fedheha, kwa kuwa alikosolewa hadharani. Huenda ni uchungu, kwa kuwa alikesha siku mbili akiiandaa taarifa ile na hakuna aliyelitambua hilo. Huenda ni kijicho, ikiwa taarifa ya mwenzake ilisifiwa dakika kumi kabla. Au ni hofu, kwa sababu mkataba wake unakaribia kwisha naye ameyasikia maneno yale kama dalili.

Kila moja ya hisia hizo ina dawa yake. Mwenye fedheha anahitaji kumwona mkuu wake faraghani na kumwomba marekebisho ya namna ile yasifanyike mbele za watu. Mwenye uchungu anahitaji kueleza kazi aliyoifanya na kuuliza ni sehemu gani hasa iliyopungua. Mwenye hofu anahitaji kuuliza habari za mkataba wake waziwazi. Mwenye kijicho pengine hana la kumwambia mkuu wake hata kidogo. Barua pepe ya hasira haimfai hata mmoja wao. Kiswahili kimetupa maneno mengi katika uwanja huu, kama vile kinyongo, kero, karaha, soni, simanzi, jitimai, kihoro, wasiwasi na ghadhabu, na anayeyatumia kwa usahihi huwa ameianza kazi ya akili hisia hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walichapisha utafiti wa picha za ubongo ulioonyesha kwamba mtu anapoitaja kwa neno hisia anayoiona kwenye picha ya uso, shughuli hupungua katika amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na kutambua hatari. Kuipa hisia jina lake, kwa hiyo, ni hatua ya kwanza ya kuidhibiti.

Kujikaza ni jambo jingine. Mfanyakazi anayemeza hasira yake na kutabasamu huonekana mtulivu, lakini tafiti za James Gross, zilizoanza kuchapishwa miaka ya 1990, zilionyesha kwamba kuficha hisia usoni hakuipunguzi hisia mbaya yenyewe: mwili huendelea kuhangaika, na mtu hukumbuka vibaya zaidi yale yaliyosemwa wakati anajikaza. Njia iliyofanya vizuri zaidi ni kulitazama tukio kwa jicho jingine mapema, kabla hisia haijapanda. Mhasibu wetu akijiuliza kama mkuu wake angemkatiza vivyo hivyo mtu mwingine yeyote asubuhi ile, tayari anaibadilisha hisia kabla haijawa jazba.

Hapa pana hatari inayopaswa kusemwa wazi. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika kuhusu wafanyakazi wanaolipwa ili waonyeshe hisia ambazo huenda hawana, wakiwemo wahudumu wa ndege, na akaiita hiyo kazi ya kihisia. Mwajiri anayewadai wafanyakazi wa chini akili hisia, huku akimaanisha kwamba wasilalamike kuhusu zamu ndefu au lugha ya matusi, anadai kazi ya namna hiyo kwa jina lisilo lake. Hasira inayotokana na dhuluma ni habari ya kweli kuhusu mahali pa kazi, na akili hisia humsaidia mtu kuieleza kwa namna itakayosikika. Haimtaki aizime.

Upande wa kuwasoma wengine, kosa la kawaida ni kukisia na kuamini kisio. Ujumbe wa maandishi huliongeza kosa hilo, kwa kuwa sauti na uso havipo. Mwaka 2005 Justin Kruger na wenzake walionyesha kwamba waandishi wa barua pepe huamini kupita kiasi kwamba msomaji ataitambua toni waliyoikusudia. Meneja anaandika "Sawa." akiwa anakimbilia kikao kingine, na aliyeupokea ujumbe huo analala usingizi wa mang'amung'amu akijiuliza amekosa nini. Meneja akiongeza maneno matatu, "Sawa, nimeridhika, tuendelee hivyo," usiku wa mtu unaokoka. Na aliyepokea neno lile moja akiuliza kesho yake asubuhi badala ya kujitia hamnazo, kinyongo hakipati nafasi ya kuota mizizi.

Kuhusu kuikuza, semina ya siku mbili haitoshi. Kinachojenga uwezo huu ni mazoezi madogo yanayorudiwa: kuandika barua ya hasira na kuiacha bila kuituma hadi kesho yake, kuitaja hisia kwa neno lake halisi, kuuliza kabla ya kuhitimisha. Kigumu zaidi ni kujua umefika wapi, kwa sababu maswali ya kujipima mwenyewe humtegemea mtu yule yule ambaye pengine hajioni. Asiyesoma nyuso za wengine hana namna ya kujua kwamba hazisomi. Mwaka 2002 Mayer, Salovey na David Caruso walitoa jaribio linalompa mtu kazi za kufanya, mathalani kutambua hisia katika picha za nyuso, ili asijipe alama mwenyewe. Kwa kiongozi asiye na jaribio hilo, walio chini yake ndio wanaojua. Anaweza kumwita mmoja wao, akaufunga mlango na kumuuliza, "Mara ya mwisho nilipokukatiza kwenye kikao ilikuwa lini?" Jibu la kwanza huwa ni kwamba haijawahi kutokea. La pili huja baada ya kimya kirefu, ikiwa kiongozi huyo ataweza kukistahimili.