Kaida si kawaida, wala si mila

Kwenye kikao cha kamati ya harusi ya mtoto wa jirani, dada mmoja aliuliza kwa upole kama kadi ya mchango inaweza kutolewa bila kiwango cha chini. Kiwango kilikuwa shilingi 50,000 kwa mtu mmoja, 100,000 kwa wawili. Hata hajakaa, mjumbe akamjibu: "Dada yangu, hiyo ni mila yetu. Mwacha mila ni mtumwa." Mjadala ukafa papo hapo. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, na safari hii nimeona niandike.

Neno alilolihitaji mjumbe ni kaida. Kaida ya jamii ni mwenendo ambao mtu anaufuata kwa sababu anaamini wenzake wanaufuata, na anaamini pia kwamba wanamtarajia aufuate, akikiuka watamsema. Nguzo ni hizo mbili. Kupiga mswaki asubuhi hata nikiwa peke yangu porini ni mazoea. Kumpisha mama mjamzito kiti kwenye daladala, abiria wote wakiniangalia, ni kaida.

Mkanganyiko unaanzia kwenye maneno yenyewe. Kaida na kawaida ni ndugu wa tumbo moja. Kwa Kiarabu, qaida ni msingi, kitako cha kitu, kutoka mzizi wenye maana ya kukaa; qawaid ni wingi wake. Katika Qur'ani, sura ya Al-Baqara aya ya 127, Nabii Ibrahim na mwanawe Ismail wanainua misingi ya Nyumba, yaani Al-Kaaba, na neno lililotumika pale ni hilohilo, al-qawaid. Waarabu hadi leo huita hivyo kanuni za sarufi. Kiswahili kilichukua umoja na wingi, kisha kila kimoja kikashika njia yake. Kaida ikabaki na maana ya kanuni. Kawaida ikateleza kutoka kinachopaswa hadi kinachozoeleka: siku ya kawaida, bei ya kawaida, nguo za kawaida. Ndiyo maana mtu akisema "mbona ni kawaida tu", neno moja linambebea mizigo miwili, kwamba wengi wanafanya, na kwamba kwa hiyo si kosa. Mzigo wa pili hauna uthibitisho wowote.

Mila imetoka nyumba nyingine. Kwa Kiarabu ni dini, njia ya umma fulani. Kwetu ikashuka hadi kwenye yale tuliyorithi ukoo kwa ukoo: matambiko, jando na unyago, mahari. Lina uzito wa waliotangulia, na ndiyo sababu watu hulikimbilia. Ukiipinga mila umewapinga waliolala makaburini. Lakini bibi zetu walisaidiana harusi kwa unga, kuni na mikono ya kupika. Kadi iliyochapwa kiwango na namba ya simu ya kutumia pesa ni jambo la juzi.

Na kuna ada, neno ambalo linanigusa zaidi. Asili yake ni kile kinachorudi tena na tena, yaani desturi. Kisha ikawa pia zawadi ya desturi, kama aliyopewa kungwi au fundi kwa kazi yake. Leo ukisema ada, mzazi anawaza shule na siku ya mwisho ya kulipa. Zawadi iliyozoeleka imegeuka deni. Mchango wa harusi unapita njia hiyohiyo mbele ya macho yetu.

Tazama kaida inavyomshika mtu. Kila jioni mhazini anabandika orodha kwenye kundi la WhatsApp: jina, ahadi, alicholipa, salio. Aliyemaliza anawekewa tiki ya kijani. Hakuna mgambo wala hakimu, ila jina lako likikaa siku tatu na sifuri mbele yake, utaitafuta hela popote ilipo. Watu wanne wa kundi lile wameniambia pembeni kwamba viwango vimewachosha, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake. Kaida inaweza kuishi hivyo miaka mingi, ikishikiliwa na watu wasioitaka.

Mhazini naye, akikasirika, huandika: "Wengi hamjalipa!" Anadhani anahimiza. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walijaribu jambo hili Arizona, Marekani, kwenye hifadhi ya Petrified Forest, ambako wageni huokota vipande vya miti iliyogeuka mawe. Bango lilipoeleza kwamba wageni wengi waliopita wameokota, karibu vipande 8 kati ya kila 100 vilivyowekwa alama vilitoweka. Bango lililowaomba tu wasiokote lilishusha idadi hadi chini ya 2. Kutangaza kwamba kosa ni la wengi ni kulihalalisha.

Kaida hubadilika pale matarajio yanapobadilika kwa wengi pamoja, tena hadharani. Uchina ilifunga miguu ya mabinti, tangu wakiwa wadogo, ili isikue, kwa karne nyingi. Mwishoni mwa karne ya 19 familia zilianza kuungana na kula kiapo: hatutafunga miguu ya binti zetu, na wana wetu hawataoa waliofungwa. Kiapo hicho kiliondoa hofu ya binti kukosa mume, na ndani ya kizazi kimoja hivi desturi ile iliporomoka sehemu nyingi. Mzazi mmoja mmoja, kwa siri, asingeweza.

Dada yule hakuigusa mila ya mtu. Mjumbe angemjibu tu, "Kaida yetu kwa sasa ni 50,000," na hapo dada angepata nafasi ya kuuliza swali lake la pili: ni nani humu bado anaitaka?