Sanduku la hazina nyuma ya vitabu: wanavyodhani watu, na ilivyo

"Ndani ya sanduku kuna kitu cha thamani."
Huu ni mchezo: mtu anaficha sanduku, hapa tunasema maktabani, anaandika dokezo la kulipata, na wengine wanalisaka. Ndani hakuna fedha wala zawadi. Ukilifungua utakuta daftari dogo na muhuri wa raba, mara nyingi uliochongwa kwa mkono. Nawe unakuja na vyako. Muhuri wa sandukuni unaugonga kwenye daftari lako, wako unaugonga kwenye daftari lililomo, unaandika tarehe, unarudisha kila kitu kilipokuwa. Hazina ni hiyo alama ya wino. Ukitoka na muhuri wa sanduku mfukoni, umewaharibia mchezo wote wanaokuja nyuma yako.

"Si ndio ule msako wa GPS?"
Ule wa GPS, yaani geocaching, ni wa kusaka vikasha vilivyofichwa kwa kifaa kinachopokea mawimbi ya setilaiti. Huu ni mkongwe kuliko ule kwa karibu karne moja na nusu. Ulianzia Dartmoor, nyanda za matope na mawe huko Devon, Uingereza. Mwaka 1854 James Perrott wa Chagford, aliyekuwa akiwaongoza watalii, aliweka chupa Cranmere Pool, mahali pa taabu kufika, ili waliofika waache kadi zao. Baadaye watu wakawa wanaacha barua na postikadi, na anayefuata anazichukua kwenda kuzitia posta. Ndiyo maana Waingereza wakauita letterboxing. Marekani ulishika kasi baada ya makala ya jarida la Smithsonian ya mwaka 1998. Msako wa GPS ulianza Mei 2000. Na hata hivyo, ukiwa ndani ya jengo, GPS haikwambii kama uko rafu ya tatu au ya nne.

"Maktaba ni ya umma, kwa hiyo naficha popote."
Muulize mkutubi kwanza. Kikasha kisicho na mwenyewe kwenye jengo la umma kinatia watu hofu, na kisipotia hofu kitaishia kwenye pipa la taka siku ya usafi. Mkutubi akijua, ndiye mlinzi wako. Na wanaohofia kwamba wasakaji watapiga kelele maktabani, sioni hoja yao: anayetafuta kitu bila kutaka kuonekana hana sababu ya kupayuka.

"Maktabani ni rahisi, hakuna mvua wala milima."
Hapa ndipo wengi wanapoteleza, hasa wanaoficha. Mtu anaandika dokezo: "rafu ya tatu kushoto, nyuma ya kitabu chekundu." Mwezi unaofuata vinaingia vitabu vipya, vya zamani vinasogezwa, kile chekundu kimeazimwa, na sanduku limebaki wazi kama jino la mbele. Kwenye maktaba mahali hapadumu. Kinachodumu ni namba iliyo kwenye mgongo wa kitabu. Mpangilio wa Melvil Dewey wa mwaka 1876, unaopanga vitabu kwa namba kulingana na mada, bado unatumika katika maktaba nyingi za umma, na ndiyo dira yako. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Historia ya Devon, kwa anayetaka kumkumbuka Perrott, 942.35.

Sisi tuna bahati, maana vitendawili tumelelewa navyo. Kitendawili! Tega. Kuku wangu katagia miibani. Jibu ni nanasi; kilimo cha matunda kiko 634; msakaji anajua pa kwenda bila kutajiwa rafu. Ficha penye vitabu visivyoazimwa, kama ensaiklopidia na kamusi kubwa za kusomea humohumo. Bora zaidi, tengeneza sanduku lenye umbo la kitabu na ulibandike namba yake mgongoni, wapanga rafu wakijua. Likisogezwa, linasogea na wenzake.

"Muhuri lazima ununue."
Raba ya kufutia ya shuleni na kisu kidogo chenye makali vinatosha. Kosa la kila mgeni ni kuchonga maandishi yakiwa yamekaa sawa. Chonga MAKTABA kama unavyoiandika, ukigonga utasoma ABATKAM, K na B zikiwa zimetazama nyuma. Andika kwa penseli laini kwenye karatasi, ipindue juu ya raba, sugua mgongo wa karatasi kwa ukucha. Maandishi yatahamia yakiwa yamegeuka tayari. Hapo ndipo ushike kisu.