Kikoa cha .cd si kiwanja cha Leta: dhana potofu na ukweli

Hapa Lubumbashi, mtu akitaja mali ya taifa mawazo huenda ardhini. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi yote ni mali ya Dola peke yake. Raia hupewa hati ya kuitumia, na kampuni ya migodi hupewa kibali cha kuchimba. Ndiyo maana wafanyabiashara na viongozi wa mashirika wanaotafuta jina la tovuti linaloishia na .cd, kikoa cha nchi yetu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (yaani herufi za mwisho za jina la tovuti zinazoitambulisha nchi), huzichukulia herufi hizo mbili kama mgodi wa shaba: ni kitu cha Leta (Dola), Kinshasa hukigawa inavyotaka, na aliyepewa anaweza kunyang'anywa wakati wowote. Mfano huu wa ardhi ni mwepesi kueleweka, lakini ndio unaozaa makosa karibu yote ninayoyasikia kuhusu vikoa vya nchi.

Dhana: Serikali ndiyo mmiliki wa kikoa cha nchi

Vikoa vya nchi vilianza kutolewa mwaka 1985, na wakati ule mara nyingi vilikabidhiwa wataalamu wa vyuo vikuu au watu binafsi waliokuwa tayari kuvihudumia, kwa sababu serikali nyingi hazikuwa na habari navyo. Machi 1994, mwanasayansi wa kompyuta Jon Postel aliandika kanuni ambazo bado ni msingi wa kazi hii. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mwendeshaji wa kikoa ni mdhamini aliyepewa amana: anawajibika kwa watu wa nchi husika na kwa watumiaji wa intaneti duniani kote. Postel alieleza wazi kwamba kugombania haki na umiliki hakufai hapa, na kwamba linalostahili kuulizwa ni wajibu na huduma.

Suala hili lilifika hata mahakamani. Nchini Marekani, watu walioshinda kesi za fidia dhidi ya Iran, Syria na Korea Kaskazini waliomba wakabidhiwe vikoa vya nchi hizo kama vile mdai anavyokamata nyumba ya mdaiwa. Mwaka 2014 hakimu alikataa, akisema kikoa cha nchi si mali inayoweza kukamatwa kwa namna hiyo. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa nayo ilikataa ombi, kwa kuzingatia zaidi madhara ambayo yangewapata watu wengine wasiohusika na deni.

Serikali haikuachwa nje. Kamati ya serikali inayoishauri ICANN, shirika lililoundwa mwaka 1998 kuratibu majina ya intaneti, ilikubaliana katika misingi yake ya mwaka 2005 kwamba serikali ya nchi ndiyo yenye kauli ya mwisho kuhusu sera ya umma ya kikoa chake. Lakini kauli juu ya sera ni jambo moja, na kuendesha seva, yaani kompyuta zinazokihudumia kikoa, kila siku ni jambo jingine. Ujerumani inaendeshewa .de na chama cha ushirika, DENIC. Uingereza inaitegemea Nominet, kampuni isiyogawia wanachama faida. Majirani zetu wa Tanzania walianzisha tzNIC kwa ubia wa mamlaka ya mawasiliano ya serikali na chama cha watoa huduma za intaneti. Kwetu, .cd ilikabidhiwa shirika la serikali la posta na mawasiliano, OCPT, mwaka 2011. Shirika hilo leo linajulikana kwa jina la SCPT. Mpangilio huo ni halali kabisa, ila ni mmoja tu kati ya mingi.

Dhana: Marekani ndiyo inayoamua nani apewe kikoa

Ni kweli kwamba kwa miaka mingi serikali ya Marekani ilisimamia kwa mkataba kazi ya IANA, yaani kutunza orodha kuu ya vikoa vyote. Usimamizi huo ulikoma tarehe 1 Oktoba 2016. Hata kabla ya hapo, herufi za nchi hazikuchaguliwa Washington. Zilitoka, na bado zinatoka, kwenye orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi iitwayo ISO 3166, na Postel aliitumia makusudi ili yeye na wenzake wasijikute wakiamua ipi ni nchi na ipi siyo.

Wakubwa kwa umri waliopo mjini wanaweza kulielewa hili kwa urahisi kuliko wengine, maana tumelipitia. Hadi 1997 nchi yetu iliitwa Zaire, na kikoa chake kilikuwa .zr. Jina la nchi lilipobadilika mwezi Mei mwaka ule, orodha ya ISO ilibadilishwa, .cd ikaanzishwa mwaka huohuo, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Serikali ilibadili jina la nchi; herufi zilifuata kwa njia ya orodha, na si kwa amri ya rais kwa mafundi wa intaneti.

Dhana: Serikali hukata intaneti kwa kufunga kikoa

Intaneti ilipozimwa nchini tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, kampuni za simu na za intaneti ndizo zilizoagizwa kufunga huduma. Tovuti yenye .cd inaweza kuwekwa kwenye seva ya Ulaya au Afrika Kusini na kuendelea kusomwa huko, huku mwenye nayo akiwa Katuba, hapa mjini, bila mtandao. Herufi za mwisho hazionyeshi tovuti imehifadhiwa wapi.

Dhana: Kikiwa mikononi mwa Dola, kikoa kiko salama

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa tulikaribia kuumia nalo. Mtu anapoandika jina linaloishia na .cd, kompyuta yake huelekezwa kwenye seva za majina zinazohudumia kikoa chote. Mojawapo ya seva hizo ilikuwa imesajiliwa chini ya jina scpt-network.com, na mwishoni mwa mwaka 2020 usajili wa jina hilo uliachwa ukaisha. Mtaalamu wa usalama kutoka Sweden, Fredrik Almroth, aliliona, akalisajili yeye mwenyewe kabla halijaangukia mikononi mwa wahalifu, kisha akawaarifu wahusika. Kwa hesabu yake, takribani nusu ya maswali yote ambayo kompyuta huuliza kuhusu majina ya .cd yangeweza kupitia kwake. Mwenye nia mbaya angeweza kuwapeleka wateja wa benki kwenye tovuti za uongo, au kunasa barua pepe za ofisi na vyuo, bila kugusa seva hata moja ya benki au ofisi hizo.

Hakuna jeshi wala serikali ya kigeni iliyohusika hapo, na sheria yenyewe haikuvunjwa. Ada ndogo ya mwaka haikulipwa, basi. Kikoa cha nchi huweza kuponyoka kwa njia hiyo hata pale ambapo mkataba, muhuri na saini vyote viko sawa, na kwa hiyo kazi ya serikali hapa ni kuhakikisha kwamba mwendeshaji ana mafundi, ana kalenda ya malipo, ana seva za akiba katika sehemu mbalimbali, na anakaguliwa na watu wasio wafanyakazi wake. Mwanzoni mwa 2021 seva ile ilipewa jina jingine, scpt-network.net. Hilo nalo ni jina la kukodi, na usajili wake hulipiwa tena kila muda wake unapofika.