Kuchagua pleti za klachi za pikipiki ya zamani: kipimo kwanza, jina baadaye

Katika karakana yangu hapa Tabora mjini, swali ninaloulizwa mara nyingi na wenye pikipiki za zamani ni kama pleti za klachi za bodaboda zinaweza kufungwa kwenye Honda CG125 ya miaka ya 1980. Jibu langu ni kwamba baadhi zinaweza na nyingine haziwezi, na jina lililoandikwa kwenye boksi halikuambii ni zipi. Naandika kwa kirefu kwa sababu nimeona injini nzuri, zenye miaka mingi ya kazi mbele yake, zikiachwa stoo zipigwe na vumbi kwa kuwa klachi ilifungwa mara mbili tatu ikakataa, na mwenyewe akaamini kwamba injini imezeeka.

Chanzo cha utata huu kinaeleweka. CG125 ilianza kutengenezwa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubeba mizigo mizito na haipelekwi kwa fundi mara kwa mara, na injini yake ya kusukuma valvu kwa fimbo badala ya cheni ilithibitisha uimara wake. Baadaye viwanda vingi vya China vilitengeneza injini za ukoo huohuo, na leo bodaboda nyingi mitaani zinatumia injini hizo. Kwa hiyo spea zipo tele na bei yake ni nafuu, jambo ambalo mwenye CG ya zamani anapaswa kulishukuru. Lakini kila kiwanda kilibadilisha hiki na kile: wengine waliongeza pleti moja, wengine walipunguza unene, wengine walibadilisha idadi ya meno. Tofauti za unene ni za sehemu ya kumi ya milimita, na jicho haliwezi kuziona. Mwenye Yamaha DT au Suzuki ya mipigo miwili yuko katika hali nyingine kabisa, kwa maana pikipiki yake haina ukoo mkubwa namna hiyo madukani, na mara nyingi atalazimika kutafuta pleti ya pikipiki nyingine inayolingana na yake kwa vipimo.

Klachi ya pikipiki hizi hufanya kazi ikiwa imezama ndani ya oili. Hausingi, yaani kikombe cha nje, huzungushwa na gia ya krenki (shafti kuu ya injini), na pleti za msuguano zina masikio ya nje yanayoingia kwenye mianya ya hausingi hiyo. Kati ya pleti moja ya msuguano na nyingine hukaa pleti ya chuma, yenye meno ya ndani yanayoshika habu, yaani kitovu cha katikati, na habu ndiyo inayopeleka nguvu kwenye giaboksi. Springi huvuta preshapleti, yaani sahani ya kubania, na kuubana mkusanyiko wote. Klachi yenye pleti 5 za msuguano na 4 za chuma ina nyuso 10 zinazoshikana, kwa sababu habu na preshapleti nazo hushiriki katika ncha zote mbili. Nguvu ambayo klachi inaweza kuibeba bila kuteleza hutegemea idadi ya nyuso hizo, mbano wa springi, aina ya kitu kilichogandishwa kwenye pleti, na umbali wa nyuso kutoka katikati ya duara. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloandikwa kwenye boksi.

Jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, na ambalo halizungumzwi vya kutosha, ni kimo cha mkusanyiko mzima. Kwenye Honda ndogo nyingi pleti mpya ya msuguano ina unene wa karibu milimita 3, na mwisho wa matumizi ni milimita 2.6 hivi. Mtu akipima pleti moja kwa venia (kifaa cha kupimia unene na kipenyo) akakuta milimita 2.7, husema bado nzima, na kwa pleti moja anasema kweli. Lakini kama zote tano zimepungua milimita 0.3, basi mkusanyiko umeshuka kwa milimita 1.5, na springi zimerefuka kwa kiasi hichohicho, maana yake zimepoteza sehemu ya mbano wao. Ongeza hapo kwamba springi zenyewe zimechoka kwa miaka, na utaelewa kwa nini pikipiki huvuma bila kwenda mbele ikipandishwa mlima na gunia mbili za mahindi, ilhali kila kipande kikipimwa peke yake kinaonekana kizuri. Kwa hiyo mimi hupima pleti moja moja, kisha huzipanga zote pamoja na za chuma na kupima kimo chake kwa jumla.

Ukienda dukani, nenda na pleti ya zamani ya kila aina pamoja na venia. Usiridhike na kuziweka moja juu ya nyingine na kuona zinalingana. Hesabu masikio, pima upana wa sikio, pima kipenyo cha nje na cha ndani, na kwa pleti ya chuma hesabu meno na upime unene, kwa sababu pleti za chuma nyembamba zaidi huharibu kimo kimyakimya hata kama za msuguano ni sahihi. Kama muuzaji anakubali, nenda na hausingi yenyewe. Ishike ikiwa tupu, weka pleti mpya mdomoni mwake na uiachie: inapaswa kuteremka hadi chini bila kusukumwa, na ukiizungusha kushoto na kulia kwa kidole usikie mchezo (ulegevu) mdogo tu. Ikikwama njiani, klachi haitaachia vizuri na gia itapiga kelele unapoiingiza. Ikicheza sana, kila mara utakapoachia na kuvuta akseleta masikio yatagonga hausingi, na kipande hicho ni ghali kuliko seti nzima ya pleti.

Pleti zako za zamani zikiwa zimekwisha kabisa na kitabu cha matengenezo huna, kimo sahihi cha mkusanyiko unaweza kukikagua kwa habu, preshapleti na hausingi zilizobaki. Panga pleti mpya zikiwa kavu, weka preshapleti bila springi, ibonyeze kwa kiganja, kisha tazama mahali ambapo preshapleti inakaribiana na habu. Lazima kuwe na nafasi. Mimi huweka vipande vidogo vya plastisini ya watoto wa shule mahali hapo, nabana, nafungua na kupima kilichobaki. Kama preshapleti imegusa habu kabla ya kuzibana pleti, mkusanyiko ni mfupi na hakuna springi yoyote duniani itakayoponya hilo. Kama sikio la pleti ya mwisho limetokeza nje ya mianya ya hausingi, mkusanyiko ni mrefu mno, na huenda springi zikabanwa hadi miduara yake igusane unapovuta mkono wa klachi, hivyo preshapleti isiinuke ipasavyo. Kipimo hiki huchukua muda mfupi sana ukilinganisha na kumwaga oili na kufungua kifuniko kwa mara ya pili.

Kuhusu kilichogandishwa kwenye pleti, umri wa pikipiki una maana. Pikipiki za Uingereza kama BSA Bantam, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1948 hadi 1971, zilitumia vipande vya koki (gome jepesi la mti, kama la vizibo vya chupa) vilivyopachikwa kwenye matundu ya pleti. Koki hushika vizuri sana ndani ya oili, lakini ikipata joto kali huungua na kuwa kama mkaa, kwa hiyo haivumilii dereva anayeshikilia klachi nusu nusu kwenye mchanga. Kwa anayeitumia pikipiki hiyo kila siku, nashauri pleti za kisasa zenye umbo lilelile. Koki ibaki kwa anayeihifadhi kama kumbukumbu na kuiendesha taratibu. Kwa Honda na Yamaha za zamani, pleti za kawaida zenye nyuzi za karatasi zilizoshikwa kwa gundi ngumu zinatosha kabisa. Zenye nyuzi za Kevlar hudumu zaidi, ila sioni sababu ya kuzilipia kwenye injini ya cc 125. Zile zenye unga wa chuma hula pleti za chuma haraka, na kwenye pikipiki ambayo pleti hizo ni adimu huo ni hasara mbili kwa mpigo.

Nina onyo moja ambalo nalisema kwa uzito wote. Pleti za zamani zilizobaki stoo tangu enzi hizo, zikiwa bado kwenye boksi lake la asili, huwavutia sana wapenzi wa pikipiki. Nyingi za zama hizo zilitengenezwa kwa asibesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani. Tena gundi yake imezeeka, na tabaka la msuguano linaweza kubanduka vipande vipande ndani ya injini. Usizinunue. Na unapofungua klachi ambayo hujui historia yake, usiipige msasa ikiwa kavu wala usiipulizie kwa kompresa. Ifute kwa kitambaa kilicholowa na ukitupe.

Pleti za chuma si lazima ziwe mpya, lakini zichunguze moja baada ya nyingine. Laza pleti juu ya kioo cha dirisha na ujaribu kupitisha fila geji (kibamba chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.20 chini yake. Ikipita, pleti imepinda na haifai. Ukiona rangi ya buluu, ujue chuma kilifika joto la takriban nyuzi 300 za Selsiasi, na mara nyingi pleti hiyo imepinda hata kama macho hayaoni. Zilizonyooka ila zinang'aa kama kioo, zisugue kidogo kwa msasa laini kwenye sehemu bapa ili pleti mpya zipate pa kushika. Baada ya hapo geukia hausingi na habu. Masikio ya pleti huchimba vijibonde kwenye kingo za mianya, na pleti mpya zikikaa ndani ya vijibonde hivyo hazitaachiana hata waya wa klachi ukirekebishwa vipi. Vijibonde vidogo huondolewa kwa tupa, ukilinganisha kila upande kwa uangalifu. Vikiwa vya kina, ukivifuatilia kwa tupa utapanua mwanya na kuleta ule mchezo nilioutaja. Hapo hausingi ibadilishwe.

Wateja wangu wanaobeba asali na tumbaku kutoka njia za mchanga hupenda springi ngumu zaidi. Nawaelewa, lakini springi mpya za kipimo cha kawaida pamoja na mkusanyiko wenye kimo sahihi hubeba mzigo ambao pikipiki ilikusudiwa kuubeba. Springi ngumu huchosha mkono, hukata waya na kuila beringi ya kusukumia klachi. Kama unabadilisha springi, zibadilishe zote kwa pamoja na zilinganishe urefu zikiwa hazijabanwa, kwa sababu springi moja fupi huifanya preshapleti iinuke upande.

Kisha kuna oili, ambayo mara nyingi hulaumiwa mwishoni baada ya kila kitu kubadilishwa. Kwenye Honda za mipigo minne oili ya injini ndiyo inayoogesha klachi. Oili nyingi za magari ya kisasa zina dawa ya kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta, na dawa hiyo huzifanya pleti ziteleze. Wajapani waliweka kiwango cha JASO kwa sababu hiyo: tafuta chupa iliyoandikwa MA, MA1 au MA2, na uiache yenye MB, ambayo ni ya pikipiki zisizokuwa na klachi ndani ya oili. Kwenye Yamaha na Suzuki za mipigo miwili, giaboksi ina oili yake peke yake, na unga wote wa pleti hubaki humo kwa sababu hakuna chujio la kuushika, kwa hiyo wenye pikipiki hizo wasiisahau oili hiyo kwa kuwa tu haipungui. Kama pleti zako zimewahi kunywa oili isiyofaa, kuzisafisha kwa petroli husaidia mara chache, na kwa kawaida nashauri zibadilishwe.

Kabla ya kufunga, loweka pleti mpya za msuguano ndani ya oili ileile utakayoitumia, usiku kucha ikiwezekana, maana pleti kavu huungua katika dakika za kwanza. Pleti za chuma zina upande wenye ukingo mkali na upande wa mviringo kutokana na jinsi zilivyokatwa. Zote zielekee upande mmoja. Bolti za springi zikazwe kwa mkingamo, kidogo kidogo, ukijua kwamba nyuzi za habu ya aluminiamu huchanika upesi. Mwisho rekebisha waya hadi ncha ya mkono wa klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20, injini ikiwa ya baridi, kisha upime tena ikishapata joto. Kilomita za mwanzo endesha bila mzigo mzito, rudia kurekebisha waya pleti zikishakaa, na umwage oili mapema kuliko kawaida ili unga wa kwanza wa pleti mpya utoke pamoja nayo.