Umekuta mfupa uliogeuka jiwe? Uache hapo hapo

Msimu wa kuandaa mashamba ukifika, swali ni lile lile: "Nimekuta mfupa umegeuka jiwe, unauzwa bei gani?" Hauuzwi. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, vya wanyama wenye uti wa mgongo, hata vikiwa kwenye shamba lako. Na leseni ya madini si kibali cha kuchimba visukuku. Hili tumelisema mno.

Tukitaja Tendaguru, Lindi, palipochimbwa mifupa ya dinosaria, wengi humkumbuka yule dinosaria mrefu ambaye mifupa yake imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin. Mwenzake Kentrosaurus, aliyechimbwa huko huko kati ya 1909 na 1913, hana wa kumtetea. Aliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, akila majani, urefu wake kama mita 4.5. Shingoni na mgongoni alikuwa na bamba za mfupa zilizopangwa jozi jozi. Kuelekea nyonga bamba zinakuwa nyembamba, kisha zinageuka miiba mirefu hadi mkiani.

Bamba hizo hazikuungana na uti wa mgongo, zilikaa kwenye ngozi. Mnyama akioza, zinatawanyika. Mwiba wake mmoja mkubwa ulidhaniwa kwa miaka mingi kuwa wa nyonga, mpaka dinosaria wa jamii yake walipochimbuliwa China wakiwa nao begani. Mkao wa mfupa ardhini ndio uliojibu. Sasa wewe umeshautia kwenye kiroba ukaupeleka nyumbani, tutajuaje ulilalaje?

Kwa hiyo weka jembe chini. Piga picha, kando ya mfupa weka kalamu ili ukubwa uonekane. Usiuoshe, wala usiugonge kuhakikisha kama ni mfupa kweli (sijui nani aliwafundisha hili). Ufukie kwa udongo ule ule, kisha toa taarifa ofisi ya kijiji au kwa ofisa utamaduni wa halmashauri, ifike Idara ya Mambo ya Kale.

Kuchimba kunahitaji leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Mtafiti anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kusafirisha nje ya nchi kuna leseni yake peke yake, usichanganye na ile ya kuchimba. Anayekiuka anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, na "sikujua" si utetezi. Mgeni akija na barua ya mtendaji wa kijiji pekee, hiyo si leseni. Mwombeni ya Mkurugenzi kabla hajashika sururu.