Marumaru hazishiki maji, jamani

"Fundi, bwawa jipya linapungua maji. Nadhani grauti haikukaa vizuri, tubandue marumaru tupige upya?" Nimeulizwa hivi mara nyingi mno, kwa hiyo sasa naandika ili kuanzia leo niwe natuma kiungo tu.

Usibandue. Marumaru ni nguo, mwili ni zege. Grauti ya kawaida, ile inayojazwa kati ya marumaru, ni saruji na mchanga laini, inanyonya maji hata ikipigwa na fundi bora wa Mwanza nzima. Bwawa lililojengwa sawasawa linashika maji likiwa zege tupu. Lisiposhika likiwa tupu, ukilivisha litaendelea kuvuja, tofauti ni kwamba hutaona tena panapovuja.

Ndiyo maana zege hupimwa kabla ya plasta. Kiwango cha zamani cha Uingereza cha matangi ya maji, BS 8007, kilisema ujaze taratibu, uache zege linywe maji siku 7 hadi 21, kisha upime siku 7 nyingine. Maji yasishuke zaidi ya milimita 10, na kwa kina kidogo hata hiyo ni nyingi: ni sehemu moja ya 500 ya kina cha wastani, yaani milimita 3 kwa bwawa la mita 1.5, baada ya kutoa kilichokaushwa na jua. Wenye bwawa huku kwetu hawataki kusubiri, wanataka picha.

Haya, lako limeshavishwa. Hakikisha kwanza kwamba linavuja kweli. Jaza ndoo maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya bwawa izame kiasi, weka alama ya maji ndani ya ndoo na nje, subiri saa 24. Yakishuka sawasawa, hilo ni jua na upepo. Yakishuka zaidi nje, linavuja. Katika bwawa la mita 10 kwa 5, kila milimita ni lita 50, kwa hiyo milimita 10 za ziada ni lita 500 kwa siku. Ila tusidanganyane: upepo wa ziwa wa mchana unapiga uso wa bwawa kuliko maji yaliyojificha ndani ya ndoo. Tofauti ya milimita moja au mbili mimi siiamini. Narudia siku tatu.

Pima pampu ikiwaka, pima ikiwa imezimwa. Ikivuja zaidi pampu ikiwaka, shuku bomba la kurudishia maji, au vali ya filta inayopitisha maji kwenye bomba la taka usiku kucha (kaangalie mwisho wa bomba hilo kabla ya kumlaumu mtu). Isipobadilika, zima pampu uache maji yashuke yenyewe. Yakisimama kwenye mdomo wa skima (kisanduku cha ukutani kinachonyonya uchafu wa juu ya maji), kwenye taa au kwenye matundu ya kurudishia, una mshukiwa. Vuta rangi ya chakula kwenye bomba la sindano, maji yakiwa yametulia tuli, idondoshe taratibu karibu na mshukiwa. Penye ufa rangi itavutwa ndani kama uzi.

Na mara nyingi mshukiwa ni tundu la bomba. PVC ni laini, zege haliing'ang'anii. Mbaya zaidi, ukuta ulimwagwa bila bomba, kisha mtu akautoboa kwa nyundo, akapitisha bomba na kuziba kwa mota ya kawaida, yaani udongo wa saruji na mchanga. Mota inasinyaa, njia nyembamba inabaki pembeni, na hakuna grauti ya marumaru itakayoifikia. Dawa yake: chimba kuzunguka bomba upana wa sentimita 3, kina 5, kwaruza bomba kwa msasa, osha vumbi, paka gundi ya epoksi, jaza grauti isiyosinyaa. Kwenye taa, maji hupita ndani ya bomba la waya nyuma ya kopo la taa. Kata umeme, ziba mdomo wa bomba hilo kwa epoksi ya kukanda.

Nyufa ni kesi nyingine. Kwenye miteremko yetu, nusu ya bwawa hukaa juu ya jabali na nusu juu ya kifusi. Kifusi kinatitia, jabali halisogei, na ufa unakuja palepale zinapokutana. Kupaka dawa ya kuzuia maji juu ya ufa unaotembea ni kupaka rangi mlango ulio wazi. Weka alama za penseli pande zote mbili, pima kwa miezi miwili. Ukitulia, upasue kwa umbo la V na uujaze. Ukiendelea, tatizo liko chini ya sakafu. Ilitakiwa jabali lichongwe chini zaidi, iwekwe kokoto iliyoshindiliwa, zege likae juu ya kitu kimoja.

Ufa mwembamba kama unywele, chini ya milimita 0.2, unaweza kujiziba wenyewe kwa chokaa ya saruji. Kwa hiyo baadhi ya sifa tunazopewa mafundi ni za chokaa.

Kwenye viwanja vya chini, karibu na ziwa, kuna mtego. Maji ya bwawa yanaweza kusimama mahali pasipo na tundu lolote, kwa sababu tu yamelingana na maji yaliyo ardhini nje. Watu wanatafuta ufa pale wiki nzima, kumbe tundu liko chini zaidi. Kisha mtu anaamua kumwaga bwawa lote, tena masika. Kwa bwawa lile la mita 10 kwa 5, lenye zege la sentimita 20 na kina cha mita 1.5, zege lina uzito wa kama tani 49. Maji ya ardhini yakipanda mita moja tu juu ya uso wa chini wa sakafu, yanasukuma kwa zaidi ya tani 55. Likiwa tupu linainuka kama mtumbwi na kukata mabomba yote.

Chimba shimo pembeni, lipite chini ya sakafu ya bwawa kwa nusu mita, liache usiku mmoja. Asubuhi likiwa na maji juu ya usawa wa sakafu, usimwage. Weka pampu shimoni kwanza, na iendelee kuvuta hadi bwawa lijae tena.