Kambale, zaka na shamba la mahindi: tunavyoamua andiko lipi litiiwe kama lilivyoandikwa

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimeulizwa swali lile lile, na safari hii nilikuwa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, nikinunua kambale. Mama muuzaji alikuwa amemlaza samaki juu ya ubao na kumpaka majivu ili kuondoa utelezi, kwa maana kambale hana hata gamba moja la kukwangua kwa kisu. Kijana mmoja anayenifahamu kuwa ni mwalimu wa chuo cha Biblia aliniamkia, nikamwitikia, kisha akasema: "Mwalimu, Walawi kumi na moja inasema samaki asiye na magamba ni machukizo. Mbona ninyi watumishi mnachagua mistari?" Kabla sijafungua kinywa, mzee wa kanisa aliyekuwa amesimama karibu alimjibu kwa uhakika mkubwa: "Kijana, hayo ni ya Agano la Kale. Yalifutwa msalabani." Watu waliotuzunguka wakaitikia kwa vichwa, na mazungumzo yakaonekana yamekwisha.

Kwangu hayakwisha. Swali la kijana lilikuwa la haki. Jibu la mzee ndilo linaloniumiza, kwa sababu nimelisikia katika mimbari, katika mikutano ya injili na hata katika mitihani ya wanafunzi wangu, na kila mara linatolewa kana kwamba limemaliza kazi ambayo halijaigusa.

Nianze na jambo linalochanganya karibu kila mtu. Kusoma andiko kama lilivyoandikwa ni jambo moja, na kulitii kama agizo nililopewa mimi ni jambo jingine. Mambo ya Walawi 11 naisoma neno kwa neno: samaki ni samaki, magamba ni magamba, mapezi ni mapezi, na kambale kwa Mwisraeli wa wakati ule alikuwa najisi. Sijageuza kambale kuwa fumbo la dhambi ya siri, wala sijadai kwamba Musa alimaanisha kitu kingine. Ninachouliza ni kama neno lile lilisemwa kwangu. Barua aliyoandikiwa jirani yangu naweza kuisoma kwa usahihi wote, nikaelewa kila mstari, na bado nisiende kulipa deni analodaiwa yeye. Kwa upande wa pili, Yesu aliposema kwamba jicho likikukosesha uling'oe, nimeambiwa mimi, na ninawajibika kutii, lakini hakuna kanisa hapa Kigoma lenye washirika waliong'oa macho, kwa kuwa sote tunatambua lugha ya kutia mkazo tunapoisikia. Hapo utii ni kamili ingawa maneno hayachukuliwi neno kwa neno. Mtu anayeniuliza, "Je, unaichukua Biblia neno kwa neno?" ameunganisha maswali mawili katika moja, na nikimjibu ndiyo au hapana nitakuwa nimemdanganya.

Kuhusu aina za maandiko nitasema kwa kifupi, kwa kuwa hapo hatugombani sana. Zaburi ni sala na nyimbo, Ufunuo umejaa maono, na mithali ni mithali. Mithali 26:4 inakataza kumjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake, na mstari wa 5 unaofuata unaagiza kumjibu hivyo hivyo. Aliyeyapanga hayo mawili bega kwa bega hakupitiwa. Alitaka msomaji apime wakati na mtu. Anayezisoma mithali kama vifungu vya sheria ya bunge ataanguka kabla hajafika mbali.

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Mtu wa kwanza maarufu kulitupa Agano la Kale kwa utaratibu alikuwa Marcion, na kanisa la Roma lilimtenga yapata mwaka 144. Kanisa lilijua linachokataa. Yesu mwenyewe, katika Mathayo 5:17, alisema hakuja kuitangua torati bali kuitimiliza, na amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako, ambayo tunaifundisha watoto wa shule ya Jumapili kama amri ya Yesu, imetoka katika Mambo ya Walawi 19:18. Ukilifuta Agano la Kale lote kwa pigo moja, umeifuta na hiyo. Kutimiliza si kufuta, na wala si kuendelea kama zamani. Mbegu ikiota haijafutwa, lakini hutaikuta tena ardhini katika umbo ulilolifukia.

Tena, yule yule anayesema Agano la Kale limefutwa, Jumapili utamsikia akisoma Malaki 3:10 kwa sauti ya kutikisa bati: "Leteni zaka kamili ghalani." Nasema hili kwa uchungu, kwa maana nimeona mjane akitoa nauli yake ya kurudi nyumbani kwa hofu ya laana iliyotajwa mstari mmoja kabla ya huo. Kama Walawi imefutwa, Malaki imebakizwa kwa kanuni gani? Na kama zaka inabaki kama ilivyoandikwa, basi isomwe yote. Zaka ya torati ilitokana na nafaka, divai, mafuta na mifugo, na ndiyo sababu Malaki anataja ghala na chakula. Kumbukumbu la Torati 14 inaagiza mtoaji aile zaka yake mbele za Bwana pamoja na jamaa yake. Na kama njia ni ndefu, aibadili kuwa fedha, asafiri nayo, kisha anunue chochote ambacho nafsi yake inatamani, ng'ombe, kondoo, hata divai na kileo. Kila mwaka wa tatu zaka hiyo iliwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Mjane niliyemtaja alipaswa kuwa mpokeaji. Sipingi kumtolea Mungu. Natoa, na nawafundisha wengine kutoa. Ninachodai ni kwamba kanuni unayoitumia kwa kambale uitumie pia kwa andiko linalojaza sahani ya sadaka.

Vitabu vya kiada vina jibu safi zaidi kuliko la mzee wetu. Vinasema torati ina sehemu tatu: sheria za maadili, ambazo zinabaki, sheria za ibada na dhabihu, ambazo zimetimia katika Kristo, na sheria za kiraia za taifa la Israeli, ambazo zilikoma pamoja na taifa lile. Mgawanyo huu alikuwa nao mwanatheolojia Thomas Aquinas katika karne ya 13, na upo katika Ungamo la Westminster, tamko la imani la Waprotestanti la mwaka 1646. Mimi mwenyewe ninaufundisha, kwa sababu mwanafunzi lazima aanzie mahali fulani. Lakini nikiri kwamba torati yenyewe haionyeshi mipaka hiyo popote. Fungua tena Walawi 19. Mstari wa 18 ni upendo kwa jirani. Mstari wa 19, bila hata kupumua, unakataza kupanda shamba mbegu za aina mbili na kuvaa vazi la nyuzi za aina mbili. Mkulima wa Kasulu anayechanganya maharage na mahindi katika shamba moja anauvunja mstari wa 19 kila msimu, na hakuna mchungaji aliyewahi kumtenga, ilhali akimchukia jirani yake ataitwa mbele ya wazee. Mstari wa 28 unakataza kuchanja chale kwa ajili ya wafu. Hiyo ni sheria ya ibada au ya maadili? Wanafunzi wangu, ambao baadhi wana bibi waliochanjwa, hunijibu haraka kwamba ni ya maadili. Nikiwauliza kwa nini, wengi hunyamaza. Kwa maoni yangu maneno "kwa ajili ya wafu" ndiyo yanayobeba uzito, kwa hiyo nauliza chale ile ilichanjwa kwa nia gani, lakini siwezi kuthibitisha hilo kama mtu anavyothibitisha hesabu.

Kwa hiyo naona ni salama zaidi kutazama jinsi mitume walivyofanya. Katika Matendo 15, yapata mwaka 49 au 50, walikaa Yerusalemu kuamua kama watu wa mataifa walazimishwe kutahiriwa na kuishika torati. Walibishana sana, wakasikiliza ushuhuda wa Petro, wa Barnaba na wa Paulo, Yakobo akarejea kwa nabii Amosi, kisha wakatoa mambo manne tu: vitu vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama zilizosongolewa, na uasherati. Uamuzi haukutoka kwa mtu mmoja aliyefumba macho na kuweka kidole juu ya mstari. Ulitoka katika mkutano, Maandiko yakiwa mezani na kazi ya Mungu miongoni mwa mataifa ikiwa mbele ya macho yao.

Hapa Kigoma jambo hilo lina sura ya buchani. Mara kwa mara mwamini huniuliza kama ni halali kula ng'ombe aliyechinjwa na Mwislamu, akiogopa kwamba hiyo ni sadaka ya sanamu. Si hivyo hata kidogo. Jirani zetu wa Ujiji hawaabudu sanamu, na ni makosa kuwasingizia. Isitoshe, namna yao ya kuchinja humwaga damu na haimsongoi mnyama, kwa hiyo nyama ile inatimiza agizo la Matendo 15 kuliko kuku wengi wanaonyongwa shingo majumbani kwetu wageni wanapofika ghafla. Na kwa vilivyouzwa sokoni, Paulo aliwaambia Wakorintho wavile bila kuulizauliza.

Kuhusu kambale mwenyewe, niwatendee haki ndugu zetu Wasabato, kwa sababu hoja zao ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Wanasema tofauti ya wanyama safi na najisi ilikuwapo tangu Nuhu, Mwanzo 7:2, kabla ya Israeli kuwapo. Wanasema katika Marko 7 mjadala ulikuwa wa kunawa mikono. Wanasema maono ya Petro katika Matendo 10 Petro mwenyewe aliyafafanua kuwa yanahusu watu. Hayo yote yamo katika maandishi. Mimi hutegemea maneno ya Marko 7:19, kwamba kwa kusema hivyo alivitakasa vyakula vyote, lakini hata hapo nakala za kale za Kigiriki zinatofautiana kwa herufi moja, na herufi hiyo ndiyo inayoamua kama ni maelezo ya Marko au ni mwendelezo wa maneno ya Yesu kuhusu chakula kinachopita tumboni. Nakala kongwe ziko upande wangu. Nikiongeza Warumi 14:14 na Wakolosai 2:16, ninakula kambale kwa dhamiri safi, ila simwiti Msabato mjinga.

Wala tusidhani Agano Jipya limetuondolea kazi hii. "Salimianeni kwa busu takatifu" ni agizo la mitume, limo mara nne katika nyaraka za Paulo, na Petro anaagiza busu la upendo. Sijawahi kulipokea. Tunapeana mikono, na hakuna anayehisi ameasi, kwa kuwa tunaelewa kwamba salamu ya ndugu ndiyo agizo na busu lilikuwa vazi lake. Basi kwa nini kitambaa cha mwanamke kichwani, 1 Wakorintho 11, makanisa mengine kwetu yanakishika kwa nguvu? Wanaokishika hawana wazimu: Paulo anataja uumbaji, na anaongeza "kwa ajili ya malaika," maneno ambayo nimesoma ufafanuzi wake mwingi na hakuna ulioniridhisha. Na katika 1 Timotheo 2:12, inayomkataza mwanamke kufundisha na kumtawala mwanamume, neno la Kigiriki lililotafsiriwa "kumtawala" halionekani mahali pengine popote katika Agano Jipya, nasi tumejenga juu yake ukuta wa kuwazuia dada zetu. Mimi ninawafundisha wanawake kuhubiri. Naamini niko sahihi, lakini usiku mwingine hoja ya uumbaji hunirudia.

Kinachonipa ujasiri ni njia ya watumwa. Kutoka Ujiji misafara ilipita Tabora hadi Bagamoyo, na miembe mizee bado imesimama kando ya njia ile. Ng'ambo ya Atlantiki, huko Marekani, Wakristo walishika Waefeso 6:5, watumwa watiini bwana zenu, kama ilivyoandikwa, neno kwa neno. Hawakushika Kutoka 21:16, inayomhukumu kifo anayemwiba mtu na kumuuza, wala Kumbukumbu la Torati 23:15, inayokataza kumrudisha mtumwa aliyekimbia. Mistari yote mitatu imo katika kitabu kimoja, na waliochagua ndio waliokuwa wakifaidika. Tangu nilipoliona hilo, kila andiko linaloniongezea mamlaka au fedha hulisoma mara mbili zaidi.

Sikuyasema yote haya mwaloni, samaki angeoza. Lakini yule kijana alinifuata nyumbani jioni, tukakaa barazani mpaka giza likaingia, na mwisho akaniuliza moja kwa moja kama ale kambale au asile. Nikamjibu ale kama dhamiri yake haimhukumu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mama mkwe wake ni Msabato na anafika kutoka Kasulu wiki ijayo kukaa nao mwezi mzima. Nikamwambia mwezi huo anunue migebuka. Mgebuka ana magamba.